Darasa la tatu na insha ya "Siku nisiyoisahau": nilichojaribu huku Tandahimba (uzi mrefu)

ChakiNyeupe (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nafundisha Kiswahili darasa la tatu, shule ya kijijini huku Tandahimba, mwaka wa sita sasa. Nina watoto 87, madawati ya kugombania, na karibu nusu yao Kiswahili wanakisikia kwa mwalimu na redioni. Nyumbani ni Kimakonde mwanzo mwisho.

Nataka tuongelee jambo moja: mtoto mdogo kuandika kisa chake mwenyewe. Sisemi ngano ya sungura na fisi wala barua kwa mjomba. Nasema kisa kilichomtokea yeye, kwa mkono wake.

Miaka mitatu ya mwanzo nilifanya vile nilivyofanyiwa na mimi. Naandika ubaoni "Siku nisiyoisahau", nasema andikeni, nakaa. Kipindi kikiisha nakusanya madaftari 87 yenye insha moja. Wallahi ni moja. "Mimi naitwa fulani. Nasoma darasa la tatu. Siku moja nilienda shamba na bibi. Tuliokota kolosho. Tulifulahi sana. Mwisho." Mmoja alianza hivi: "Hapo zamani za kale nilikuwepo mimi." Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikaona mtoto ana haki yake. Hadithi zote alizopata kuzisikia zinaanza hivyo. Nani alimwambia kwamba hadithi ya jana asubuhi haianzi hivyo?

Kazi yangu ikawa kalamu nyekundu. Kolosho, duara. Tulifulahi, duara. Daftari linarudi kwa mwenyewe kama limetoka machinjioni. Mtoto akajifunza kitu kimoja tu: akiandika sentensi tatu badala ya tano, maduara yanapungua. Na kweli wakapunguza.

Kilichonibadilisha ni bibo, lile tunda la mkorosho lenye maji. Ilikuwa Oktoba, msimu umeanza, mahudhurio yamedorora kama kawaida yetu. Jumatatu moja binti mmoja akaja na doa la bibo kwenye shati la shule, kifuani, kubwa kama kisosi. Wa huku mnajua, doa la bibo halitoki hata kwa jiki. Nikamuuliza, nini hiki? Basi akaanza kusimulia. Yule yule wa mistari minne alizungumza karibu dakika tano, kwa mikono, na kwa sauti ya bibi yake. Darasa likanyamaza. Alipomaliza nikamwambia, hayo hayo uliyosema, kayaandike. Akanitazama. "Kwani hiyo nayo ni insha, mwalimu?"

Swali lile sikulala nalo vizuri. Miaka mitatu nilikuwa nimewafundisha, bila kusema, kwamba insha ni ya watu wengine.

Hiki ndicho alichoandika, nimerekebisha tahajia tu:

"Bibi aliniambia usile bibo na shati la shule. Nikasema sili. Bibi akaenda mti wa pili. Nikala moja. Maji yakadondoka hapa kifuani. Nikafunika na mkono. Bibi akarudi akasema mbona umeshika kifua unaumwa? Nikasema naumwa. Bibi akasema toa mkono."

Imeishia hapo. Sikumwambia aongeze "tulifurahi sana".

Tangu hapo nafanya hivi. Siku ya kwanza hatushiki penseli kabisa. Natoa kisa changu mimi, kidogo. Nawaambia nilivyokuwa na umri wao nikaimwaga ndoo ya maji nikiwa nauona mlango wa nyumbani. Kwa mtoto wa uwanda huu wa Makonde hilo halihitaji maelezo, anajua maji yanavyotafutwa huku na ndoo ile ilipandishwa kutoka bondeni. Nasimulia halafu nakatiza katikati kwa makusudi. Maswali yanamiminika. Mama alifanyaje? Ulilia? Ndoo ilipasuka? Nayaandika yote ubaoni, nawaambia: haya ndiyo atakayokuuliza mtu akisoma cha kwako, basi mjibu kabla hajauliza.

Pili ni ukubwa wa kisa, na hapa ndipo penye kazi. Mtoto ukimwachia anachagua gunia. "Safari yangu ya Mtwara" ni gunia, hata mtu mzima hawezi kulibeba. Kutapika ndani ya basi kabla ya kufika Mnivata, ukamtapikia mama wa watu kwenye kanga, hiyo ni korosho moja, na korosho moja inabanguliwa ikaliwa. Siku hizi hata sisemi mimi. Mmoja akisimama "mwalimu nitaandika likizo", wenzake wanamzomea: gunia hilo!

Baada ya hapo wanasimuliana wawili wawili. Mara ya kwanza kwa lugha yoyote inayomjia mdomoni, mara ya pili kwa Kiswahili. Halafu karatasi inakunjwa mara tatu (naomba kalenda kuukuu kila Januari, nyuma ni nyeupe safi) wanachora picha tatu: kabla, penyewe, baada. Kuandika kunakuja mwisho, chini ya picha. Mtoto hakai tena anatafuna penseli, maana kisa ameshakisema mara mbili na amekichora.

Halafu kuna -ka-. Watoto wangu walikuwa wagonjwa wa "halafu": nilienda halafu niliona halafu niliokota halafu nilirudi. Wakati wakiongea wala hawasemi hivyo, wanasema nikaona, nikaokota. Nikawaambia -li- inafungua mlango, -ka- zinaingia moja moja. Kipindi kimoja tu, zile "halafu" zikapukutika zenyewe.

Na "nilifurahi sana" nimeipiga marufuku darasani kwangu. Ukifurahi mwili unafanyaje? Ukiogopa? Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kusoma kwenyewe bado anaburuza, aliandika kuhusu nyoka aliyemkuta kwenye majani ya mkorosho: "Mate yakaisha mdomoni." Sentensi hiyo niliibandika ukutani, ipo mpaka leo.

Kusahihisha: jambo moja kwa wiki. Wiki ya r na l, natafuta r na l peke yake. Mengine nayaona, nameza mate.

Sasa shida iliyonileta hapa. Mwezi uliopita kijana mmoja alisoma kisa chake mbele ya wenzake. "Usiku baba alinishikisha tochi ya simu. Mjomba mmoja akapima korosho kwa bakuli. Mimi namulika. Baba akaniambia hukuona kitu. Nikasema sikuona." Kisa kitamu, hakina halafu hata moja. Lakini wa kusini mmeshaelewa: ni kangomba, ule ununuzi wa korosho wa magendo, kwa bakuli. Darasa zima lilielewa. Kesho yake baba mtu kasimama mlangoni kwangu, kwa upole kabisa, akasema: "Mwalimu, mwanangu unamfundisha kuandika au kutoa ushahidi?"

Sikuwa na jibu. Nawasilisha.

Mpita_Njia86

Nimekaa paleee siti ya mbele.

MzeeWaSalfa

Mwalimu shikamoo kwanza, maana uzi wenyewe umeenda shule.

Huyo baba ana haki, na nasema hivyo mimi sipimi kwa bakuli. Nyumba ina mambo yake. Mimi nimekua naambiwa mtoto anayesema ya ndani nje hana adabu, wewe unampa maksi. Hapo lazima mgongane.

Lakini nikuunge mkono kwenye gunia. Msimu wa 2018, ule ambao serikali ilinunua korosho yenyewe, kwa malori ya jeshi na bei ya 3,300 kwa kilo, mwanangu alikuwa la tano. Malori yanapita mlangoni, watoto wanayakimbilia, wanajua ni mangapi. Shule ikawaambia waandike "Faida za zao la korosho". Akaja na faida saba zimenakiliwa ubaoni. Lori hata moja halikuingia kwenye insha.

BintiMikindani

Dada ChakiNyeupe, hongera sana. Mimi nipo darasa la kwanza na la pili, wale wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), vipindi vyetu ni dakika thelathini tu. Naongezea kidogo kwa wenye watoto wadogo zaidi.

Wakati wa mradi wa Tusome Pamoja huku Mtwara tulipata semina na vitabu, na kusoma kwa watoto kulipata msukumo mzuri. Ila mimi kwenye kuandika nilibaki na imla na mwandiko: mtoto anaandika vizuri maneno ya mtu mwingine. Siku moja nikajaribu kinyume. Mtoto anachora, ananiambia sentensi yake moja, mimi naiandika chini ya picha kama alivyoitamka, yeye anaisoma. Unapaswa kuona uso wa mtoto anaposoma sentensi yake mwenyewe. Mmoja alichora duara na miguu mingi, nikadhani buibui. Kumbe pweza. "Pweza alinishika mkono babu akamng'ata pweza." Alisoma sentensi hiyo wiki nzima kwa kila aliyeingia darasani, mpaka mwalimu mkuu.

Kufika Machi wanaanza kuongeza neno lao, kisha sentensi. Tahajia wanabuni, "pwesa", "babu akamgata". Siguzi. Kikubwa kiko kichwani, herufi zitafuata.

Insha_ni_Nidhamu

Naomba nitofautiane. Haya ni mazuri ya kusimulia humu lakini upimaji wa darasa la nne hauulizi bibo. Kuna imla. La saba wanapewa sentensi zilizovurugwa wazipange kwa herufi. Mwalimu anapimwa kwa ufaulu, si kwa visa. Pia lugha ya kufundishia ni Kiswahili, kuruhusu Kimakonde darasani ni kurudi nyuma. Na kutosahihisha makosa ni kuyafuga.

ChakiNyeupe

Mkuu asante, haya ndiyo niliyoyataka.

Tuanze na sentensi zilizovurugwa. Mtoto anapanga vipi? Anatafuta iliyotangulia. Aliyezoea kutunga anajua yenye -li- inakaa juu na zenye -ka- zinafuata, anajua "bibi akarudi" haiwezi kuwepo kabla bibi hajaondoka. Mwingine anabahatisha A, C, B, D. Mimi visa vyao wenyewe navikata vipande kwa mkasi, navichanganya, kikundi kingine kinapanga. Ni zoezi lile lile la mtihani, ila hapa mwenye kisa yupo, anasimama anasema "hapana, kwanza nilidanganya, ndipo akasema toa mkono".

Kimakonde: dakika tatu za kumnong'oneza jirani. Kinachoandikwa na kusomwa ni Kiswahili. Nikimlazimisha Kiswahili tangu mwanzo narudishiwa "mimi naitwa fulani", kwa sababu hiyo ndiyo sentensi anayoiamini.

Makosa siyafugi, nayapanga foleni. Lakini hapa sijiamini sana. Kuna watoto wamefika Novemba bado wanaandika "balabala". Ukiwa na dawa, nipe.

Insha_ni_Nidhamu

Dawa ni imla ya maneno yao wenyewe. Chukua balabala, lafiki, kolosho kutoka kwenye visa vyao, wape kila asubuhi maneno matano. Unaona, imla ina kazi.

ChakiNyeupe

Hii naichukua Jumatatu. Nimekubali.

Kibaraza_Kilwa

Mimi si mwalimu, nina duka, ila nina mtoto la nne. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kwenda Dar ikakatika kule Somanga, mabasi yakalala njiani. Shule zilipofunguliwa nasikia walimu wengi walitoa kazi ya kuandika kuhusu kimbunga. Binti yangu akaandika kama taarifa ya habari: upepo mkali uliambatana na mvua kubwa, wananchi wanatakiwa kuchukua tahadhari. Ni maneno ya redio yote!

Nikamuuliza, wewe siku hiyo ulikuwa wapi? Akasema alikwenda na shangazi yake kuuzia maandazi abiria waliokwama, kuna mzee kamlipa noti imechanika katikati, yeye hakuona mpaka jioni, akaificha chini ya godoro kwa woga wa shangazi. Nikamwambia ndicho hicho. Akabisha: "Baba, hicho si kimbunga."

Kwa hiyo nakubali habari ya gunia. Na tukio kubwa ndilo gunia baya kuliko yote, maana watu wazima wameshalisemea.

Unasihi_Newala

Poleni na majukumu walimu wenzangu. Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi, nimechelewa kuuona huu uzi ila swali la yule baba linanihusu moja kwa moja. Kuna mambo mawili watu wameyachanganya.

La kwanza ni staha. Kuna yasiyoandikwa na mtoto anayajua kuliko sisi. Januari moja mwenzangu alitoa kichwa "Likizo yangu ya Desemba". Wavulana wakaandika. Wasichana sita wakarudisha karatasi yenye tarehe tu. Mwenzangu akadhani ni uvivu, akataka kuwaadhibu. Nikamvuta pembeni nikamuuliza, Desemba huku kwetu kuna nini? Unyago. Wametoka mwalini, wamefundwa wasiyatoe, na wewe unawaambia andika likizo yako. Zile karatasi tupu zilikuwa za watoto watiifu. Toka hapo nasema vichwa vya likizo viachwe, au mtoto achague mwenyewe siku yake.

La pili siyo staha, ni madhara. Ukimfungulia mtoto mlango wa kuandika maisha yake, iko siku ataandika kwamba anapigwa kupita kiasi, au analala njaa, au kuna mtu mzima anamfanyia mabaya. Nimeshapokea karatasi kama hiyo. Hiyo hairudishwi na maksi, wala haisomwi mbele ya darasa, wala huendi kumuuliza mzazi mlangoni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatutaka tutoe taarifa serikali ya mtaa wetu, ustawi wa jamii wapo, dawati la jinsia na watoto lipo polisi, na namba 116 ya kusaidia watoto haina malipo. Waambieni watoto mapema, kabla hawajaandika: cha kwako nitakitunza, lakini ukiniandikia kwamba unaumizwa, sitakaa nacho peke yangu. Mtoto ana haki ya kujua kabla ya kuandika, si baada.

Bakuli la korosho halimo kwenye hilo la pili. Kosa lako dada, niseme ukweli, ni kusoma kwa sauti. Kuandika na kusomewa darasa ni ruhusa mbili tofauti. Wewe ulichukua moja ukatumia mbili.

ChakiNyeupe

Umenichoma na umenipoza. Ni kweli, sikumuuliza. Nilipenda sana kile kisa nikamsimamisha. Ngoja nitafakari, nitarudi.

MzeeWaSalfa

Huyo wa unasihi apewe maua yake.

Mpita_Njia86

Mimi nimekumbuka la tatu yangu, Nachingwea. Nilipasua kioo cha ofisi kwa embe bichi. Nina miaka 38, sijawahi kumwambia mtu yeyote mpaka leo humu. Embe lenyewe halikuwa hata letu.

BintiMikindani

Mpita_Njia kumbe unaandika! Lete penyewe, embe lilitoka mkononi likaenda wapi?

Mpita_Njia86

Lilipita katikati ya mabomba ya dirisha utadhani limepimwa. Kioo kikasema *tii*, kidogo tu. Nikaendelea kutembea kama mtu aliyetumwa chumvi.

ChakiNyeupe

Mrejesho, wakuu.

Nilikwenda nyumbani kwa yule baba Jumamosi. Sikwenda kujitetea. Nilimwambia nimefanya kosa kumsimamisha mwanao asome mbele ya watu bila kumuuliza, na karatasi hii hapa nakurudishia. Akaisoma taratibu, kidole kinafuata mstari. Akakaa kimya. Kisha akasema, "Kweli nilimwambia hukuona kitu?" Nikasema ndivyo alivyoandika. Akaikunja akaiweka mfuko wa shati. Hakuichana. Akanipa ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha niende nayo, tukaachana hapo.

Darasani sasa tuna alama. Juu ya karatasi mtoto anachora korosho. Ikiwa imebanguliwa, nyeupe, maana yake kisa kinaweza kusomwa kwa wenzake. Ikiwa na ganda, ni cha kwangu na yeye. Na lile tangazo la dada wa Newala nimelitoa kwa maneno yake, nililitoa mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kimakonde.

Wiki ya kwanza karibu wote walichora ganda. Nikadhani nimeharibu. Wiki ya pili zikaanza kubanguka, nadhani walikuwa wananipima kama kweli sitasoma.

Yule kijana wa bakuli leo kaleta kisa kipya. Mbuzi kaingia jikoni kwao, kala daftari la hesabu, yeye akamfukuza mpaka kisimani. Kisa cha kuchekesha, hakina ubaya wowote, lakini juu kachora korosho yenye ganda, kalitia na rangi nyeusi kabisa. Nikamwita pembeni nikamuuliza, sasa humu siri iko wapi?

Akatazama huku na huku. "Mwalimu, mbuzi mwenyewe si wetu."